Kisiwa kilichouza upepo, kikabaki na deni la feri

Ukitaka kufika Samsø huna budi kuvuka maji. Daraja hakuna, na kiwanja cha ndege kilichopo ni cha nyasi, kinatosha vindege vya watu wachache. Kisiwa hiki cha Denmark kimekaa katika bahari ya Kattegat, baina ya rasi ya Jutland upande wa magharibi na kisiwa kikubwa cha Zealand upande wa mashariki. Kina kilomita za mraba 114, maana yake Mafia yetu inakizidi zaidi ya mara tatu, na wakazi wake hawafiki 4,000. Wengi ni wakulima au watoto wa wakulima. Viazi vyao vya mwanzo wa msimu, vidogo na vyenye ngozi laini, hugombaniwa na mahoteli ya Copenhagen kila mwaka, na bei ya vile vya kwanza kabisa huwa habari.

Kisiwa cha namna hii hakina sababu ya kujulikana na mtu wa Tanga au Mombasa. Kimejulikana kwa kuwa, ndani ya miaka isiyozidi 10, halmashauri yake, wakulima wake na vyama vyao vya ushirika waliacha kutegemea umeme wa makaa ya mawe kutoka bara, wakaanza wao kupeleka bara umeme wa upepo. Habari hiyo imeandikwa sana, na mara nyingi huandikwa kama hekaya ya kupendeza: wanakijiji wema, mapanga meupe yanazunguka, hewa safi. Nusu ya pili, ile ya namna watu na mizigo wanavyosafiri, hurukwa. Kwa sisi watu wa visiwani nusu hiyo ndiyo yenye uzito, maana kuwasha taa kwa upepo kumegeuka kuwa kazi nyepesi kuliko kuendesha feri.

Mambo yalianza mwaka 1997, mwaka ule ule wa mkutano wa hali ya hewa wa Kyoto. Waziri wa mazingira na nishati wa Denmark wakati huo, Svend Auken, alitangaza shindano. Visiwa na maeneo yaliyojitenga yaliombwa kuandika mpango wa kujitegemea kwa nishati jadidifu ndani ya miaka 10, kwa kutumia teknolojia iliyokwisha kuwepo sokoni. Waliojitokeza ni Samsø, Læsø, Ærø, Møn na rasi ndogo ya Thyholm. Mwezi Oktoba Samsø ikatangazwa mshindi. Andiko lenyewe lilikuwa limetayarishwa na mhandisi wa bara, kwa hiyo wakazi wengi walisikia kwamba wameshinda jambo ambalo hata hawakujua kuwa wanalishindania.

Fedha za kujengea hazikuja na ushindi huo. Kilichopatikana mwanzoni ni fungu la kumwajiri mtu wa kuisukuma kazi, na mtu huyo akawa Søren Hermansen, mtoto wa mkulima wa hapo hapo kisiwani, ambaye alikuwa mwalimu wa masomo ya mazingira. Alichokuwa nacho mkononi ni karatasi ya ushindi na kisiwa chenye wasiwasi. Machinjio ya nguruwe, mwajiri mkubwa wa pale, yalikuwa yakifungwa na kuondoka na ajira zipatazo 100. Vijana walikuwa wanahamia Aarhus na Copenhagen, na wanaohama kwenda kusoma aghalabu hawarudi.

Hermansen hakuanza na habari za barafu inayoyeyuka huko Greenland. Alianza na mtaro wa kupitishia mabomba ya joto: nani atalipwa kuchimba, fundi bomba gani atafunga mabomba, na fedha za mafuta ya kupashia nyumba joto, ambazo kila majira ya baridi ziliondoka kisiwani zisirudi, zitabaki mfukoni mwa nani. Mikutano ilifanyika jioni, kahawa na bia mezani, na ikaendelea kwa miaka. Aliyezoea mikutano yetu ya hadhara, ambayo mgeni rasmi hufika akiwa amechelewa saa mbili na wananchi huondoka na fulana, atashangaa kuwa kitu kikubwa kama hiki kilitoka katika vikao vya watu kumi na tano wanaobishana juu ya bei ya bomba.

Kufikia mwaka 2000, mitambo 11 ya upepo ilikuwa imesimama nchi kavu, kila mmoja wa megawati 1. Yote kwa pamoja ilitosha mahitaji ya umeme ya kisiwa kizima kwa hesabu ya mwaka. Mitambo 9 ilinunuliwa na wakulima kwa mikopo ya benki, na 2 ikawa mali ya ushirika ambao mkazi yeyote aliweza kununua hisa zake. Watu wakagawana umiliki kabla ya zege kumwagwa. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote. Mtambo wa upepo una kelele, una kivuli kinachopita dirishani jua likiwa chini, na unaonekana kutoka mbali. Ukiwa ni wa kampuni ya mjini, jirani yake halali usingizi. Ukiwa ni wake, au ana hisa tano ndani yake, kelele ile ile humwambia kwamba usiku huu fedha inaingia. Hermansen mwenyewe amelieleza jambo hilo kwa wageni wake kwa miaka, na hakuna mpinzani wa miradi ya upepo niliyemsoma ambaye amelijibu sawasawa.

Isisahauliwe kwamba serikali kuu iliwawekea mazingira. Sheria ya Denmark wakati ule ilimhakikishia mwenye mtambo bei ya kuuzia umeme kwa miaka ya mwanzo, na mkulima aliweza kuichukua karatasi hiyo hadi benki akapewa mkopo. Bila ya bei ya uhakika, bia na kahawa zisingejenga hata nguzo moja. Halmashauri nayo ilikuwa na kazi yake: kupanga mitambo ikae wapi na wapi isikae. Vilima vya kaskazini, Nordby Bakker, ambavyo ndivyo fahari ya kisiwa, viliachwa vitupu. Mitambo ikapelekwa kwenye mashamba ya kusini na katikati.

Hapa mtu wa Unguja atauliza suala moja: upepo ukitulia? Jibu ni waya. Samsø imeunganishwa na gridi ya bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Upepo ukivuma sana umeme unatoka, ukitulia umeme unaingia, na mwisho wa mwaka hupigwa hesabu. Waya wa namna hii tunaufahamu vizuri sana. Unguja iliishi kwa waya mmoja kutoka bara tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ulipoharibika mwezi Mei 2008 mji ulikaa gizani takriban mwezi mzima. Ukaharibika tena Desemba 2009, safari hiyo umeme ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, ndoo zikapanga foleni, na anayekumbuka mji wa wakati ule anakumbuka mngurumo wa majenereta madukani na harufu ya petroli. Mwaka 2013 ukalazwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani, na kabla yake, mwaka 2010, Pemba ilikwisha kuunganishwa na Tanga kwa msaada wa Norway. Tofauti na Samsø ni kuwa waya wetu umekuwa mlango wa kuingilia tu. Wa kwao ni njia ya sokoni: wanatoka na bidhaa na wanarudi na bidhaa.

Kisiwa kisicho na waya kina shida nyingine kabisa. El Hierro, katika visiwa vya Canary vya Uhispania, kipo mbali mno kuunganishwa na bara. Baraza la kisiwa, linaloitwa Cabildo, ndilo mwenye hisa nyingi katika mradi wa Gorona del Viento ulioanza kazi 2014: mitambo 5 ya upepo yenye jumla ya megawati 11.5, na mabwawa mawili, moja juu katika shimo la volkano iliyozimika na jingine chini karibu na pwani. Upepo ukizidi, maji hupandishwa juu. Upepo ukipungua, maji huachiwa yateremke na kuzungusha mashine. Mwaka 2019 kisiwa kilikwenda siku 24 mfululizo bila ya kuwasha jenereta la dizeli. Ni kazi kubwa, na imegharimu fedha nyingi kuliko waya wa Samsø, lakini El Hierro hawakuwa na la kuchagua.

Turudi Kattegat, kwenye suala la joto, ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hulipita haraka kwa kuwa hapa hakuna anayepasha nyumba moto. Kule, joto la nyumba na maji ya kuogea hula nishati nyingi kuliko taa na friji. Zamani kila nyumba ilikuwa na tangi la mafuta na jiko lake la kupashia joto. Vijiji vya Tranebjerg, Onsbjerg, Ballen na Brundby vimeunganishwa kwa mabomba ya maji ya moto kutoka kwenye tanuri zinazochoma mabua ya ngano, yaani yale yanayobaki shambani baada ya mavuno. Robota la mabua huingizwa tanurini, maji hupata moto, huzunguka nyumba kwa nyumba, kisha hurudi yakiwa vuguvugu. Jivu hurudishwa shambani kuwa mbolea. Kaskazini, Nordby na Mårup, huchomwa vipande vya mbao, na pembeni yake kuna uwanja wa paneli za jua zenye ukubwa wa mita za mraba 2,500 ambazo kazi yake ni kupasha maji tu. Wakulima waliokuwa na mabua ya kutupa wakawa na mabua ya kuuza.

Na walipoonja, wengine walikwenda mbali zaidi ya walivyoombwa. Mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa alitazama tangi lake la kupoza maziwa. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili, na lazima yapozwe upesi yasiharibike. Joto lile lilikuwa likipulizwa nje ya banda bure. Akafunga kifaa cha kulinasa na kulipeleka kwenye maji ya nyumbani kwake, ikawa anapasha nyumba kwa ng'ombe wake. Mwingine alikamua mafuta ya mbegu za rapa, ule mmea wa maua ya manjano, akayatia kwenye trekta, na makapi akawapa ng'ombe. Trekta lake likawa linanuka kama karai la maandazi. Hizi si teknolojia za kubadili dunia, na mafuta ya rapa hayakuenea. Lakini zinaonyesha watu waliokwisha kuacha kungoja kuambiwa.

Halmashauri ya Samsø, yenye makao yake Tranebjerg, haikukaa pembeni na kupiga makofi. Ilidhamini mikopo ya tanuri za mabua, na dhamana ya halmashauri ndiyo iliyoshusha riba hadi ikawa mwananchi anaweza kulipia joto kwa bei isiyomuumiza. Kisha ikaingia yenyewe baharini. Mwaka 2002 mitambo 10 mikubwa zaidi, kila mmoja wa megawati 2.3, ilisimikwa kwenye maji ya kina kifupi kusini mwa kisiwa, mahali paitwapo Paludans Flak. Gharama yake ilifika karibu krone milioni 250. Mitambo 5 ilinunuliwa na halmashauri. Iliyobaki iligawanywa kati ya wawekezaji binafsi, wengi wao wakulima, na ushirika wa wenye hisa ndogo ndogo. Kwa halmashauri ya watu 4,000, kukopa fedha za kununua nusu ya shamba la upepo la baharini ni jambo ambalo mweka hazina yeyote angelikataa kwenye kikao cha kwanza. Sheria ya Denmark nayo hairuhusu halmashauri kufanya biashara ya umeme ili kujitajirisha, kwa hiyo faida inayopatikana hurudishwa katika miradi mingine ya nishati. Diwani hawezi kuitumia kujengea ukumbi wa sherehe.

Kwa nini mitambo 10 ya ziada, na umeme ulikwisha kutosha? Hapo tunaingia kwenye suala la usafiri, na hapo ndipo hekaya inapoanza kupata nyufa.

Mpango wa mwaka 1997 ulitaka magari ya kisiwani yaachane na petroli na dizeli. Yalizungumzwa magari ya umeme, ikazungumzwa haidrojeni. Teknolojia ya miaka ile haikuwa tayari: betri nzito, safari fupi, mafundi hakuna. Kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda, wakapatana kwa hesabu. Umeme wa mitambo ya baharini hauhitajiki kisiwani, unapelekwa bara, na kule unachukua nafasi ya umeme wa makaa. Kwa hiyo kila kilowati-saa inayouzwa iliandikwa kama fidia ya petroli na dizeli inayochomwa na magari, matrekta na feri za Samsø. Ukijumlisha na kutoa, kisiwa kinatoka na ziada.

Hesabu hiyo ni ya kweli, na sina sababu ya kuwaita watu wa Samsø waongo. Ila dizeli iliendelea kuungua. Bomba la moshi la feri halijui kwamba upande wa pili wa kisiwa kuna mtambo unaolipa dhambi zake. Na katika sifa zote ambazo kisiwa kilipata baadaye, pamoja na Hermansen kuwekwa na jarida la Time katika orodha ya mashujaa wa mazingira ya mwaka 2008, sehemu hii ilikuwa ikisemwa kwa sauti ya chini. Wenyewe walilijua. Kwa hiyo wakajiwekea lengo la pili: kufikia mwaka 2030 kisiwa kisitumie kabisa mafuta wala gesi ya ardhini, na safari hii bila ya fidia za kwenye karatasi.

Upande wa magari mambo yakaanza kuwa mepesi kadiri betri zilivyoboreka. Kisiwa chenye urefu usiofika kilomita 30 ni mahali pazuri pa gari la umeme, maana hata ukitaka kupotea huwezi kwenda mbali. Halmashauri ilianza na magari yake yenyewe, yakiwemo yanayotumiwa na wahudumu wanaozunguka nyumba za wazee, na juu ya maegesho yake ikaweka paneli za jua za kuyachaji. Ni mfano wa kawaida, lakini una busara: mhudumu wa wazee huendesha safari fupi fupi mchana kutwa na huegesha gari mahali pale pale kila jioni. Bandari ya mashua ya Ballen nayo iliwekewa paneli na betri kubwa, katika mradi wa Umoja wa Ulaya ulioiunganisha Samsø na Orkney ya Uskoti na Madeira ya Ureno, ili umeme wa jua la mchana uzitumikie mashua za watalii zinazolala hapo usiku.

Feri ndiyo iliyobaki. Mwaka 2014 halmashauri ilichukua hatua ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko ile ya mitambo ya baharini: iliichukua njia ya Sælvig hadi Hou, inayounganisha kisiwa na Jutland, ikaunda kampuni yake ya meli na kuiendesha yenyewe. Mtu wa bara anaweza asione ukubwa wake. Mkazi wa kisiwa anajua. Ratiba ya feri ndiyo inayoamua kama fundi anaweza kufanya kazi upande wa pili na kulala kwake, kama viazi vinafika sokoni asubuhi, kama mgonjwa anawahi miadi, kama kijana anayesoma nje anaweza kurudi nyumbani Ijumaa. Kampuni inayoshinda zabuni hufuata mkataba. Diwani hukutana na mpiga kura wake dukani.

Chombo kipya kilijengwa Poland na kuanza kazi mwaka 2015. Kiliitwa Prinsesse Isabella, na Juni mwaka huo mjukuu wa Malkia Margrethe mwenye jina hilo, binti wa miaka minane, alikuja mwenyewe kukipa jina. Kinabeba abiria 600 na magari 160. Injini zake zinaweza kuchoma gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, gesi iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili ijazane kwenye tangi. Ikawa feri ya kwanza ya safari za ndani ya Denmark kujengwa kwa ajili ya gesi hiyo. Masizi yakapungua, salfa ikapungua. Lakini gesi asilia ni nishati ya ardhini kama ilivyo dizeli, na sehemu yake inayotoroka bila ya kuungua hupasha anga joto kuliko hewa ukaa.

Madiwani hawakuwa wajinga kulifanya hilo. Gesi ya ardhini ilikusudiwa kuwa daraja. Mpango ulikuwa kujenga kisiwani mtambo wa biogesi, uchakate samadi ya nguruwe na ng'ombe pamoja na mabaki ya mazao, kisha gesi yake isindikwe na kuingizwa kwenye feri. Injini isingehitaji kubadilishwa. Mkulima angeuza kinyesi, kisiwa kingeendesha meli yake kwa zizi lake. Ni wazo zuri kiasi kwamba nilipolisoma mara ya kwanza nilitamani liwe kweli mara moja. Tatizo ni ukubwa. Kusindika gesi kuwa kimiminika kunahitaji mashine za bei kubwa ambazo hujilipa zikifanya kazi kwa wingi, na samadi ya kisiwa cha kilomita za mraba 114 ina mwisho wake. Miaka ikapita, feri ikaendelea kutumia gesi ya kuletwa kutoka nje.

Wakati huo huo, kusini mwa Denmark, mmoja wa walioshindwa mwaka 1997 alikuwa ameanza kutoka kivingine. Ærø ina kilomita za mraba 88 na watu wapatao 6,000. Kushindwa na Samsø hakukuwakatisha tamaa. Mji wa Marstal ulijenga mtambo wa kupasha maji kwa jua wenye paneli zaidi ya mita za mraba 33,000, uliokuwa kwa muda mmoja wa mikubwa zaidi duniani wa aina hiyo. Mabasi ya kisiwa hupandwa bure, na mgeni akitafuta pa kulipia huambiwa na dereva akae tu. Feri zake ni za halmashauri. Na ilipofika wakati wa kununua nyingine, halmashauri ikaamua kujaribu betri tupu.

Feri hiyo inaitwa Ellen. Ilitakiwa ianze 2017, ikachelewa, ikaanza kubeba abiria Agosti 2019 baina ya Søby na Fynshav. Betri zake zina uwezo wa kilowati-saa 4,300, na safari yake ya kwenda na kurudi ni maili 22 za baharini, takriban kilomita 40. Ilipoanza, hakuna feri nyingine ya betri duniani iliyokuwa ikikwenda mbali hivyo bila ya kuchajiwa. Humo ndani hakuna jenereta la dizeli la akiba. Ikifika Søby, mkono wa mashine hujichomeka wenyewe ubavuni, na wakati magari yanashuka na mengine yanapanda, betri inachaji. Kuchaji kunafanyika upande mmoja tu wa safari, ili isilazimike kujengwa miundombinu ghali kwenye bandari zote mbili. Abiria wanakaa sitahani bila ya mtetemo na bila ya moshi wa kuwapandia kichwani.

Umoja wa Ulaya ulilipa sehemu kubwa ya gharama za Ellen. Lazima jambo hilo lisemwe, kwani halmashauri ya watu 6,000 isingethubutu peke yake kuagiza meli ambayo hakuna aliyewahi kuijenga. Tathmini iliyofanywa baada ya kuanza kazi ilionyesha kuwa ni ghali kuinunua kuliko ya dizeli, lakini ni rahisi kuiendesha, na fedha ya ziada hurudi katika muda usiofika miaka 10. Ellen lakini ni ndogo. Inachukua magari kama 30 na abiria wasiozidi 200, na njia kuu ya Ærø kwenda Svendborg ikaendelea kutumia vyombo vya dizeli. Ukiipeleka Sælvig katika wiki ya joto la Julai, watalii wamejaa na foleni ya magari imefika barabarani, itaelemewa kabla ya saa nne asubuhi.

Samsø nayo ina mambo ya nyumbani ya kushughulikia. Mitambo ya mwaka 2000 imezeeka. Mashine ya upepo huhesabiwa kudumu miaka 20 hadi 25, na zinazouzwa leo ni ndefu mara mbili na zaidi ya zile za zamani. Mkulima aliyeweza kukopa ili anunue mtambo mmoja wa megawati 1 hataweza peke yake kununua wa megawati 4 au 5. Sheria ya nchi nayo imegeuka. Kwa zaidi ya miaka 10, mwekezaji wa mtambo mpya alilazimika kuwauzia majirani angalau asilimia 20 ya hisa. Mwaka 2020 sharti hilo likafutwa, mahali pake ikawekwa bonasi: jirani analipwa kila mwaka kwa kuishi karibu na mtambo. Ni fedha ya bure, haina hatari ya hasara, na watu wengi wataipenda. Lakini haimpi jirani kura kwenye kikao cha mwaka, na wala haimfanyi aamke usiku kuchungulia kama mapanga yanazunguka.

Prinsesse Isabella, kwa upande wake, bado ni chombo kipya kwa umri wa meli. Feri ikitunzwa hufanya kazi miaka 30, yaani hii inaweza kwenda mpaka karibu 2045, na mikopo ya meli haifutiki kwa kubadili nia. Lengo la kisiwa ni 2030. Madiwani wa Tranebjerg wana njia chache: watafute biogesi ya bara kwa bei watakayopangiwa, wagharimie kuitoa injini na kuweka betri kwenye meli isiyochorwa kwa betri, au waiuze na kuagiza nyingine huku bado wanailipia hii. Njia ya nne ni kurudi kwenye fidia, kuhesabu upepo unaouzwa bara dhidi ya gesi inayoungua baharini, kama walivyofanya mwaka 2002.